Mwili Unaua Seli Zake? Ndiyo, ili Upone!

Hebu jiulize: virusi vikishajificha ndani ya seli, askari wa mwili watavipataje? Kingamwili zinazoelea kwenye damu haziwezi kuvifikia humo. Na virusi havikai bure. Vinaigeuza seli kuwa kiwanda cha kutengeneza virusi vingine. Basi inabidi kiwanda chenyewe kivunjwe!

Kazi hiyo hufanywa na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T uaji. Zinajuaje nani wa kuua? Karibu kila seli huonyesha nje vipande vidogo vya protini zinazotengenezwa ndani yake, kama kitambulisho. Seli T hupita ikikagua. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, waliogundua siri hii huko Canberra, Australia, miaka ya 1970, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Ikiona kipande cha virusi, seli T huing'ang'ania seli ile, huitoboa kwa protini iitwayo peforini, kisha huingiza vimeng'enya vinavyoiamuru ijiue. Chembe nyingine humeza mabaki. Muuaji naye huyoo, anatafuta mwingine!

Sasa tuje kwenye VVU. Seli za CD4 ni makamanda wanaozisaidia seli T uaji kufanya kazi, na VVU huwavamia makamanda hao hao. Mwanzoni seli T uaji hupigana kweli kweli, virusi hupungua, na mtu anaweza kujisikia mzima kwa miaka. Lakini VVU hubadili sura kila mara, na vingine hulala ndani ya seli bila kuonyesha kitambulisho chochote. Ndiyo maana kujisikia fiti siyo kipimo. Kipimo ni kupima.

ARV huzuia virusi kuzaliana, makamanda wakapata nafasi ya kuongezeka tena. Ila haziviui vile vilivyolala. Ukiacha dawa, vinaamka, mara nyingi ndani ya wiki chache tu.

Kwa hiyo kama unatumia ARV, usiruke dozi eti kwa sababu umenenepa au unaona aibu bwenini. Na wewe rafiki yake, usimcheke wala usitangaze siri yake. Mkumbushe saa ya dawa. Mwili wake una jeshi zuri tu. Usiwe wewe wa kulikatisha tamaa.