Kabla Hujanunua Televisheni ya Sebuleni



Swali ninaloulizwa sana na familia zilizomaliza miezi yao ya kwanza hapa Marekani si la shule wala la hospitali. Ni hili: "Tununue televisheni gani?" Nalipenda swali hilo, kwa sababu linanionyesha kwamba watu wameanza kukaa. Katika vitu ambavyo shirika linatakiwa kukuwekea nyumbani unapofika kuna vitanda, meza, viti, sufuria na sahani. Televisheni haimo. Kwa hiyo mara nyingi ndicho kitu kikubwa cha kwanza ambacho familia inajichagulia yenyewe, kwa pesa iliyotoka kwenye mshahara wake. Sitakuambia usinunue. Nataka ununue bila kodi ya nyumba kuingia hatarini, maana hilo nimeliona likitokea.

Tuanze na pesa. Mambo ya kioo na rangi yatafuata, na kwa kweli ni mepesi.

Utapita mbele ya duka lililoandikwa mlangoni "Rent to Own". Ndani kuna televisheni kubwa, makochi, mashine za kufulia, na muuzaji mwenye maneno matamu. Mara nyingi hatajali kama huna historia ya mkopo, wala hatadai pesa nyingi za kuanzia. Atakutajia bei ya wiki tu. Elewa vizuri: hapo hununui, unakodisha. Kifaa kinabaki mali ya duka mpaka ulipe wiki ya mwisho. Tuseme televisheni inauzwa dola 350 katika duka la kawaida, na hapo unaambiwa ulipe dola 12 kwa wiki kwa muda wa wiki 78. Dola 12 zinaonekana si kitu. Zidisha: ni dola 936. Umelipa bei ya televisheni mbili na nusu, na ukutani iko moja. Ukishindwa kulipa ukiwa wiki ya 60, wanaweza kuja kuichukua, na ulichokwisha kulipa kimekwenda.

Kuna familia moja, baba, mama na watoto watano, iliyochukua televisheni na kochi kwa mtindo huu miezi minne baada ya kufika. Muda si mrefu baba akapunguziwa saa kiwandani. Watu wa duka walikuwa wanapiga simu kila wiki, na mama akawa anamlipa yule anayepiga kelele zaidi. Mwenye nyumba hakupiga kelele. Alileta karatasi ya mahakama. Tulikaa naye tukapanga malipo, familia ikabaki ndani, lakini ujue kwamba kesi ya kufukuzwa ikishafunguliwa, mwenye nyumba mwingine anaweza kuiona utakapoomba nyumba siku za mbele, hata kama hukufukuzwa.

Kama umeshasaini mkataba wa namna hiyo, usikate tamaa na usijifiche. Mikataba mingi ya kukodisha inakuruhusu kurudisha kifaa na kuacha kulipa wiki zilizobaki, ukishamaliza zile ulizochelewesha. Mingine inakuruhusu kukinunua mapema kwa bei ndogo kuliko kungoja wiki zote. Leta karatasi zako ofisini kabla ya siku ya malipo yajayo, tuzisome pamoja.

Mtego wa pili umevaa nguo nzuri zaidi. Ukiwa kaunta unaambiwa: chukua kadi ya duka letu leo, miezi 12 bila riba. Ni kweli, lakini kwa sharti moja: ulipe deni lote ndani ya miezi hiyo. Zikibaki dola 40 tu siku ya mwisho, katika mipango mingi riba inahesabiwa kurudi nyuma mpaka siku uliyonunua. Kadi za maduka mara nyingi zina riba inayokaribia asilimia 30 kwa mwaka. Kama una uhakika wa kumaliza mapema, mpango huo unaweza kukufaa. Kama kazi yako ni ya muda na saa zinapanda na kushuka, uache.

Halafu kumbuka mkopo wa tiketi ya ndege. Wengi wetu tulifika na deni hilo. Halina riba, na malipo yake huanza karibu miezi sita baada ya kufika. Ukianza kulipia televisheni mwezi wa tano, madeni mawili yanakutana mlangoni. Mimi ningelipa kodi ya nyumba, umeme na mkopo wa safari kwanza, na televisheni ningeiwekea pesa pembeni. Dola 25 kwa wiki ni dola 250 katika wiki kumi, na kwa kiasi hicho unapata televisheni mpya ya kufaa, ya kwako kabisa. Ukiweza kungoja, bei hushuka sana mwezi wa Novemba, wiki ya sikukuu ya Thanksgiving, na tena mwishoni mwa Januari kabla ya fainali ya mpira wa Kimarekani. Usiamke usiku kupanga foleni kwenye baridi; mara nyingi bei hizo hizo ziko mtandaoni.

Na bei iliyobandikwa si bei utakayolipa. Katika majimbo mengi kodi ya mauzo huongezwa kaunta. Tuseme kodi ni asilimia 8: televisheni ya dola 240 inakuwa dola 259 na senti 20. Nimeona watu wakirudisha kitu rafuni kwa aibu kwa sababu ya hizo dola 19.

Sasa kioo chenyewe. Ukubwa hupimwa kwa inchi, kwa mshazari, kutoka kona ya chini ya upande mmoja hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kwa hiyo inchi 43 si upana wake. Televisheni ya inchi 43 ina upana wa karibu sentimita 95, na ya inchi 55 karibu sentimita 122. Kata kamba ya urefu huo, iweke juu ya kabati lako kabla ya kwenda dukani. Televisheni nyingi zina miguu miwili kwenye ncha zake, siyo mguu mmoja katikati, na kabati likiwa fupi mguu mmoja unabaki hewani. Dukani kila kitu huonekana kidogo, kwa sababu ukumbi ni mkubwa na jirani yake ni mnyama wa inchi 85. Kwa sebule za nyumba tunazopangishiwa wengi wetu, inchi 43 au 50 zinatosha.

Maneno kwenye boksi yasikutishe. 4K maana yake picha ina nukta nyingi, kama milioni 8, dhidi ya milioni 2 za zile zinazoitwa Full HD. Siku hizi kwenye inchi 43 kwenda juu karibu zote ni 4K, hivyo hakuna cha kuumizia kichwa. OLED ni kioo cha aina nyingine, kizuri sana, na bei yake si ya mwaka wa kwanza. Hakikisha tu kuna matundu ya HDMI angalau mawili, na tundu la antena.

Hilo tundu la antena nalisisitiza, kwa sababu wageni wengi hawajui kwamba hapa kuna televisheni ya bure. Sisi tuliokulia kambini Nyarugusu tulizoea kulipa kibanda umiza ili kuona mpira, tukibanana kwenye viti vya mbao huku jenereta ikipiga kelele nje, kwa hiyo mtu akikuambia lazima ulipe kampuni ya kebo kila mwezi, unaamini. Si lazima. Nunua antena bapa ya ndani, kwa kama dola 20, ibandike dirishani, ingiza waya wake kwenye televisheni, kisha tumia rimoti kuiambia itafute stesheni. Kama hauko mbali na minara utapata ABC, CBS, NBC, Fox na PBS bila kulipa senti. Baadhi ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza huonyeshwa NBC, tena asubuhi au mchana kwa saa za hapa. Stesheni nyingi za PBS zina pia chaneli ya watoto pekee, saa 24, na watoto hujifunza Kiingereza hapo bila kujua kwamba wanajifunza. Kuna faida nyingine: stesheni za eneo lako hutangaza tahadhari za kimbunga na mafuriko, na unaweza kuzipata hata siku ambayo intaneti imekatika.

Washa pia maandishi ya chini. Sheria ya mwaka 1990 iliagiza televisheni zenye kioo cha inchi 13 au zaidi ziweze kuonyesha maneno yanayosemwa. Kwenye rimoti au kwenye mipangilio tafuta herufi CC. Mama anayesoma Kiingereza jioni atasikia neno na kuliona papo hapo. Hakuna darasa la bei rahisi kuliko hilo.

Kwa nyimbo za nyumbani, mahubiri na habari za Kiswahili utatumia intaneti. Kama mnatumia intaneti ya simu kuirusha kwenye televisheni, kuwa mwangalifu: picha safi inaweza kumaliza kama gigabaiti 3 kwa saa moja. Filamu mbili za jioni na kifurushi kimekwisha, na kesho mwajiri akikutafuta kwa ujumbe hakupati.

Siku ya kuiwasha kwa mara ya kwanza kuna wezi wanaokungoja. Televisheni itakuomba ufungue akaunti. Mtu akikwama, anatafuta namba ya msaada kwenye simu yake, anapata namba ya uongo, na upande wa pili sauti yenye heshima inamwambia alipe ada ya kuiwezesha televisheni. Kuiwezesha Roku, Google TV au Fire TV ni bure. Yeyote anayekutaka ununue kadi ya zawadi na kumsomea namba zake ni mwizi, hata akiwa anajua jina lako. Kata simu. Tena, unapoulizwa kama unakubali kampuni ikusanye habari za unachotazama, ruhusa hiyo unaweza kuikataa na televisheni itafanya kazi. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa kwamba ilikusanya habari hizo bila ridhaa ya watazamaji.

Wenye watoto wadogo wasome hapa mara mbili. Televisheni za siku hizi ni nyembamba na huanguka mbele kwa urahisi. Mtoto wa miaka miwili akivuta droo na kuikanyaga kama ngazi ili afikie rimoti, kabati na televisheni vinamjia pamoja. Watoto wamekufa hivyo katika nchi hii, na tume ya serikali ya usalama wa bidhaa imekuwa ikiendesha kampeni juu ya jambo hili tangu mwaka 2015. Weka televisheni juu ya kitu kifupi na kipana, si juu ya kabati la nguo. Nunua mikanda ya kuifunga, haizidi dola 20. Inashika mashimo ya skrubu mgongoni mwa televisheni na upande wa pili inashika ukuta au samani nzito. Usiache rimoti wala mwanasesere juu yake. Kabla ya kutoboa ukuta muulize mwenye nyumba, tena kwa maandishi, la sivyo matundu hayo yatakatwa kwenye amana yako siku ya kuhama.

Kuhusu mitumba: televisheni iliyotumika si aibu, na ukiipata kwa mtu mnayesali naye au jirani unayemjua, vizuri. Iwashe mbele yake kwa dakika kumi. Ile iliyoachwa karibu na jalala iache hapo hapo. Kunguni hujificha hata ndani ya vifaa vya umeme, na kuwatoa nyumbani kunagharimu kuliko televisheni mpya. Na yule kijana mwenye gari kwenye maegesho ya duka, mwenye boksi lililofungwa na bei ya kushangaza, hana televisheni. Ana boksi.

Wengine huniuliza kama wanaweza kuinunua hapa wamtumie mama nyumbani. Ningemtumia pesa. Umeme wa hapa ni volti 120, wa Afrika Mashariki ni 230 hadi 240, na si kila televisheni inavumilia zote mbili. Soma kibandiko cha nyuma kama kimeandikwa 100–240V. Hata ikivumilia, mfumo wa kupokea matangazo wa hapa ni tofauti na wa kule, kwa hiyo mama atahitaji king'amuzi ili aone chochote.

Ukishanunua, ibebe ikiwa imesimama, usiilaze kwenye gari. Tunza risiti na boksi mpaka muda wa kurudisha upite. Kila duka lina siku zake, mengine 15, mengine 30, na zimeandikwa kwenye risiti. Mtengenezaji kwa kawaida hutoa dhamana ya mwaka mmoja bila malipo ya ziada, hivyo ukiombwa kaunta ununue dhamana nyingine kwa televisheni ya dola 250, sema hapana asante. Ukitaka mtu wa kwenda naye dukani, au wa kukusomea mkataba kabla hujasaini, mwambie afisa kesi wako siku chache kabla. Lete vipimo vya kabati.