SAM HAKURUDI NYUMBANI, NA SASA NAMWELEWA

Jumamosi iliyopita mvua inanyesha, mfukoni hamna kitu, nikasema potelea mbali, ngoja niiangalie tena Quantum Leap. Enzi zile tuliiona kwa kanda za video, mimi na kaka yangu tumebanana kwenye kochi moja.

Kwa mliozaliwa juzi: huo ni mchezo wa kwenye televisheni wa Marekani, ulirushwa na NBC kuanzia 1989 hadi 1993. Dk. Sam Beckett (Scott Bakula) anaingia kwenye mtambo wake kabla haujawa tayari, basi anabaki kurukaruka miaka, kila mara akitua ndani ya maisha ya mtu mwingine. Akijitazama kwenye kioo anaona sura si yake. Leo bondia, kesho binti mjamzito! Anarekebisha lililoharibika, kisha anaruka tena. Anayemsaidia ni Al (Dean Stockwell), mzee wa sigara kubwa, suti za kumeremeta na stori za totozi.

Zamani Al alikuwa kichekesho changu. Safari hii kanitoa machozi.

Kuna kipindi cha 1990, Sam ametua mwaka 1969. Wakati huo Al alikuwa mateka Vietnam, na mkewe Beth, akidhani kishakufa, anaanza kumpenda mwanamume mwingine. Al anamsihi rafiki yake: mwambie anisubiri. Sam anagoma. Sheria ni sheria, hatukuja kurekebisha maisha yetu wenyewe.

Haya, baadaye mwaka huohuo Sam anatua Vietnam, kwenye kikosi cha kaka yake Tom, ambaye alitakiwa afe. Sheria ikaenda likizo! Tom akapona. Mwishoni tunaonyeshwa picha ya mateka waliopitishwa karibu na hapo: mmoja wao ni Al. Alijua, akanyamaza, na bado akamsaidia mwenzake.

Ndiyo maana ule mwisho wa Mei 1993, uliotuudhi kufa mtu, sasa nauelewa. Sam anapata nafasi ya kurudi kwao. Haendi. Anakwenda kwa Beth kumwambia Al yuko hai. Kisha maandishi: Sam hakurudi nyumbani. Hata jina lake walilikosea, wakasahau 't' moja.

Msomaji, nikazima nikakaa kimya. Kaka yangu aliacha shule ili ada itoshe ya mtu mmoja, yaani mimi. Miaka mitatu iliyopita alikuja kuniomba mkopo wa kufungua genge, nikamjibu sikopeshi ndugu, ndiyo sheria yangu. Mwezi uleule mimi nikakopa kwa shemeji.

Mtambo wa kurudi nyuma sina. Simu ninayo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Leo umekumbuka nini?"

"Lile genge," nikasema. "Bado unalitaka?"