Sotoka, Nyumbu na Miti ya Serengeti

Mtu akisimama katika vilima vya kwetu Kemambo, wilaya ya Tarime, akatazama upande wa kusini, auona Mto Mara, na ng'ambo yake wilaya ya Serengeti. Huku na ng'ambo ile ng'ombe ndio akiba ya watu. Kwa ng'ombe mtu huoa, kwa ng'ombe hulipa deni, na mimi mwenyewe sanduku, godoro na sare nilizokuja nazo hapa bwenini zilitokana na dume mmoja aliyeuzwa mnadani. Kwa hiyo napenda kuwaeleza habari za ugonjwa mmoja wa ng'ombe ambao siku hizi haupo tena duniani, lakini uligeuza mifugo, wanyama wa porini, nyasi, moto, na hata miti ya nchi hii. Ugonjwa huo ni sotoka.

Sotoka ililetwa na vijidudu vidogo mno viitwavyo virusi, nao ni jamaa wa virusi vya surua ya watoto. Wataalamu wadhani kwamba surua yenyewe ilitokana na ugonjwa huu wa ng'ombe, zamani sana, watu walipoanza kukaa pamoja na mifugo. Ng'ombe aliyeambukizwa alipata homa kali, akatokwa na machozi na kamasi, vidonda vikatokea mdomoni na katika ufizi, kisha akaharisha mpaka maji yakamwishia mwilini. Wengi walikufa kabla ya wiki mbili kwisha. Ugonjwa ulipita kwa pumzi na kwa majimaji ya mgonjwa akiwa karibu na mzima, basi zizi moja au mahali pamoja pa kunywea maji palitosha kumaliza kundi.

Ugonjwa huu uliingia Eritrea kati ya mwaka wa 1887 na 1889, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kwa ajili ya jeshi la Waitalia. Ukapanda Uhabeshi, na njaa kuu ikafuata huko. Yapata mwaka wa 1891 ulikuwa umekwisha kufika nchi ya Wamasai, na mwaka wa 1896 ulivuka Mto Zambezi kwenda kusini. Yakisiwa kwamba katika nchi nyingi ulizopita, ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Mwaustria mmoja, Oscar Baumann, alipita nchi ya Wamasai mwaka wa 1892 akielekea Ziwa Viktoria, akaandika habari za watu aliowakuta wamebaki mifupa kwa njaa. Nyati na nyumbu nao walikufa kwa wingi, maana sotoka haikuchagua kati ya mnyama wa zizini na wa porini, mradi awe ni mwenye kwato mbili.

Wengi wakisimulia habari hizi huishia hapo. Mimi naona yaliyofuata ni makubwa zaidi. Ng'ombe walipokwisha, watu walitawanyika wakatafute chakula. Hapakuwa na wa kulisha nyasi wala wa kuzichoma. Vichaka vikaota mahali palipokuwa malisho, na ndani ya vichaka wakaingia mbung'o, ambao huwaletea watu malale na ng'ombe nagana. Hata aliyebakiwa na ndama wawili watatu hakuweza kurudi nao mahali pale. Wageni waliokuja baadaye walipaona wakadhani ni pori tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Hilo silikubali, kwa sababu mahali pengi palipoitwa pori palikuwa na watu na mifugo kabla ya tauni hiyo.

Tena sotoka haikuondoka. Ilirudi kila baada ya miaka kadhaa, na katika mbuga za Serengeti iliwapata hasa nyumbu wadogo. Ndama alipokuwa akinyonya alilindwa na maziwa ya mama yake, lakini ilipopita miezi ile kinga ilikwisha, na wengi wakafa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa sababu hiyo mabwana mifugo wa wakati ule walidhani kwamba wanyama wa porini ndio ghala ya ugonjwa, na kwamba ng'ombe wa watu huambukizwa kutoka huko. Hata leo yuko mzee atakayekuambia kwamba nyumbu na nyati ndio waliokuwa wakituletea sotoka. Ukweli ulikuwa kinyume chake, nao ulijulikana kwa njia ya ajabu.

Huko Muguga, karibu na Nairobi, palikuwa na kituo cha uchunguzi wa magonjwa ya mifugo cha nchi zote za Afrika ya Mashariki. Mwingereza mmoja, Walter Plowright, alifanya kazi hapo tangu mwaka wa 1956. Chanjo zilikuwako kabla yake, ila zilikuwa na kasoro. Iliyotumika sana ilitengenezwa kwa virusi vilivyopitishwa katika mbuzi, na aina nyingine za ng'ombe ziliugua sana kwa chanjo yenyewe. Bwana Plowright na wenzake walichukua chembe za figo ya ndama, wakaziotesha katika chupa, wakavitia virusi vya sotoka humo. Vilipozaana wakavitoa wakavitia katika chupa nyingine, na nyingine tena, yapata mara tisini. Kila vilipohamishwa vilizidi kuzoea maisha ya chupani na kupoteza nguvu ya kuua. Mwishowe vikawa dhaifu kabisa, lakini mwili wa ng'ombe uliweza bado kuvitambua na kujiwekea kinga. Sindano moja ilimlinda ng'ombe maisha yake yote. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka wa 1962, na mwaka wa 1999 Bwana Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Basi, ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti walikuwa wakichanjwa tangu miaka ya 1950, na chanjo hii mpya ikaendeleza kazi hiyo. Nyumbu hawakuchanjwa. Nani angewakamata? Lakini yapata mwaka wa 1963 sotoka ilitoweka miongoni mwa nyumbu. Wachunguzi walichukua damu ya nyumbu, wakatazama umri wa kila mmoja kwa meno yake. Waliozaliwa kabla ya miaka hiyo walikuwa na kinga ya sotoka katika damu, maana yake waliwahi kuugua wakapona. Waliozaliwa baadaye hawakuwa nayo, maana hawakukutana na ugonjwa kamwe. Kama wanyama wa porini ndio wangalikuwa ghala, ugonjwa ungaliendelea kwao hata ng'ombe wote wakichanjwa. Ghala ilikuwa zizini mwetu.

Idadi yao nayo yashangaza. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu kwa ndege mwaka wa 1958, wakapata nyumbu wapatao laki moja. Yaonekana waliwakosa wengi, kwa kuwa hesabu ya mwaka wa 1961 ilitoa zaidi ya laki mbili na nusu. Kufika mwaka wa 1977 walikuwa yapata milioni moja na laki tatu. Nyati nao waliongezeka sana. Mtu mwenye shaka aweza kusema kwamba labda mvua zilikuwa njema, au majangili walipungua. Lakini wako punda milia, ambao hukaa mbuga zile zile, hula nyasi na kuliwa na simba wale wale. Hao walibaki kama laki mbili tu miaka yote hiyo. Punda milia ni jamaa ya farasi, na sotoka haimpati. Mvua ilichangia kweli, hasa ya kiangazi katika miaka ya 1970, iliyowapa nyumbu majani wakati wa shida. Lakini mvua peke yake haielezi kwa nini mmoja aliongezeka mara tano na jirani yake asiongezeke.

Sasa fikirini, wasomaji, midomo milioni moja ya zaidi juu ya nyasi zile. Kabla ya hapo nyasi zilikuwa zikisimama ndefu mpaka kiangazi, zikakauka, na moto ukaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu iliyo kubwa ya mbuga iliungua kila mwaka. Moto wa nyasi hauui mti mkubwa, lakini huunguza mche mdogo hadi chini, nao mwaka wa pili ukiota tena huunguzwa tena, hivyo haufiki kimo cha kuokoka. Nyumbu walipozila nyasi, moto ukakosa chakula. Miche ya migunga ikapata miaka kadhaa ya kupumua, ikapita kimo cha miali, ikawa miti. Twiga wakapata majani. Nisifiche kwamba tembo nao wana sehemu yao katika jambo hili, kwa kuwa huangusha miti na kula miche, na walipopungua kwa ujangili katika miaka ya 1970 na 1980 miti ilipumzika pia. Lakini wachunguzi waliopima mambo haya yote pamoja, Ricardo Holdo na wenzake, walitangaza mwaka wa 2009 kwamba badiliko kubwa la miti latokana na kupungua kwa moto, na kwamba mbuga iliyokuwa ikitoa hewa ya kaboni angani kwa moshi wake iligeuka ikawa ya kuihifadhi ndani ya miti na udongo.

Mwalimu akituchorea ubaoni mlolongo wa chakula, huanza na nyasi, huenda kwa nyumbu, huishia kwa simba. Sindano ya ng'ombe wa Tarime haimo katika mchoro huo, nami naona ingefaa iwemo.

Haya hayakuwa heri tupu kwa mfugaji. Nyumbu wakiwa wengi, nyasi za ng'ombe hupungua mahali wanapokutana. Tena ndama wa nyumbu, katika miezi yake mitatu ya kwanza, hutoa katika machozi na kamasi zake virusi vya ugonjwa mwingine, ambao wafugaji huuita ugonjwa wa nyumbu. Nyumbu mwenyewe haumdhuru, bali ng'ombe akiupata hufa karibu kila mara. Virusi hivyo navyo vilipatikana Muguga na Bwana Plowright huyo huyo mwaka wa 1960. Wamasai walikuwa wakijua zamani kwamba wakati wa nyumbu kuzaa, yaani Februari na Machi, ng'ombe waondolewe tambarare. Walipokuwa nyumbu laki mbili kuhama kulikuwa kwepesi. Walipofika milioni moja, mfugaji alilazimika kukaa muda mrefu zaidi katika malisho mabaya. Sioni haki kwamba mtu aliyechanja ng'ombe wake, akaponya mbuga nzima, awe ndiye wa kubanwa na matunda ya chanjo hiyo.

Kuimaliza sotoka kulichukua miaka mingi zaidi. Kati ya mwaka wa 1962 na 1976 nchi nyingi za Afrika zilichanja kwa pamoja, ugonjwa ukapungua karibu kwisha, kisha serikali nyingi zikalegea. Katika miaka ya 1980 ukarudi kwa nguvu, na mwaka wa 1982 nyati wa Serengeti walikufa kwa sotoka. Shida moja ilikuwa barafu, kwa maana chanjo ya Plowright iliharibika haraka kwa joto, na sotoka ilikuwa imejificha mahali pasipo na umeme wala barabara. Daktari wa mifugo wa Kimarekani, Jeffrey Mariner, akaikausha kwa namna mpya hata ikaweza kukaa yapata mwezi mmoja bila barafu. Ndipo wafugaji wenyewe, huko Karamoja, Uhabeshi na Sudani ya Kusini, wakafundishwa kuchanja, wakaibeba begani kwa miguu. Wengi wao hawakuwahi kukaa darasani, lakini walijua kundi la kila mtu lilipo na wakati wa kulipata. Hapa Tanzania sotoka ilionekana tena upande wa kaskazini mwaka wa 1997. Mgonjwa wa mwisho aliyejulikana duniani alikuwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka wa 2001, na mwaka wa 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani kwa kazi ya watu, baada ya ndui.

Ila liko jambo ambalo wazazi watakaosoma gazeti hili yafaa walijue. Sotoka ina ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa katika nchi yetu mwaka wa 2008. Dalili zake ni zile zile za zamani: homa, kamasi, vidonda vya mdomo, kuharisha, na mara nyingi kikohozi. Mwaka wa 2015 mataifa yalikubaliana kuifuta kabla ya mwaka wa 2030. Chanjo yake ni njema, na sindano moja humlinda mbuzi miaka mitatu au zaidi. Ugumu u katika mbuzi mwenyewe. Ng'ombe huzaa ndama mmoja kwa mwaka kama bahati ipo, lakini mbuzi huzaa upesi, pengine mapacha, na huuzwa au huchinjwa upesi, kwa hiyo kundi lililochanjwa lote mwaka huu, mwaka ujao litakuwa limejaa wana wasio na kinga. Mchanjaji akirudi kijijini mwaka wa pili, si kwamba kazi ya kwanza iliharibika. Amewafuata wale waliozaliwa baada yake.