Watoto Wanapoingia Chumba cha Kushonea: Tuilinde Kazi, Tumlinde na Mtoto

 

Hapa Likoni, kuanzia Mtongwe mpaka Timbwani na Shika Adabu, cherehani imewasaidia kina mama wengi kuwalipia watoto karo. Kuna wanaoshona sare za shule. Kuna wanaoshona mapazia na foronya, wanaodarizi kofia, na wanaounganisha vipande vya vitenge wakapata mfarishi, ile shuka nzito ya viraka ambayo wageni na wenyeji huinunua. Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo kila kikundi cha ushonaji kinalijua, lakini ni nadra kuliona kwenye kumbukumbu za mkutano. Jambo lenyewe ni watoto.

Mtoto huja na mamake kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwachia. Wa jirani huja kwa sababu amesikia mlio wa cherehani. Wa mteja huja siku ya kuchukua vipimo. Wote wana mikono, na mikono ya mtoto haitulii. Punde si punde mkasi umekata palipokuwa hapakatwi, vipande mlivyovipanga siku mbili vimechanganyika, na bobini imepotelea uvunguni.

Hasara yake si ndogo

Tuchukue mfano. Kikundi kimepata oda ya mifarishi 4, kila mmoja shilingi 3,500. Jumla ni shilingi 14,000. Mfarishi mmoja ukimwagiwa wino siku moja kabla ya mteja kuja, shilingi 3,500 zimekwenda, na kitambaa na uzi mlikwisha vinunua. Kama cherehani ilinunuliwa kwa mkopo, rejesho la mwezi huo litapatikana wapi?

Lakini iko hasara kubwa kuliko hiyo. Mama mmoja anasema, "Mtoto wako hana adabu." Mwenzake anajibu. Wiki inayofuata mmoja haji. Mwezi unaofuata wawili hawaji. Kikundi kinavunjika, na ukiuliza sababu unaambiwa ni doa la mabuyu.

Baadhi ya vikundi hukata shauri kwa haraka: watoto marufuku. Hebu tuangalie linalotokea. Wanaoacha kuja ni kina mama wenye watoto wachanga, wajane na wale wanaolea peke yao. Hao ndio kikundi kiliundwa kwa ajili yao! Tena tunakumbuka katika Marko sura ya 10 kwamba wanafunzi waliowazuia watoto ndio waliokemewa, si watoto.

Kwa hiyo hatuanzi na kumfukuza mtoto. Tunapanga chumba na kazi kwa namna ambayo mtoto akiingia, kazi iwe salama na yeye awe salama. Na mpango huo uwe wa kikundi kizima, usiwe mzigo wa mama mmoja mmoja.

Kwanza: Kinachoumiza kiwe juu au kifungwe

Methali inasema mtoto akililia wembe mpe. Katika chumba cha kushonea methali hiyo tuiache mlangoni.

Sindano na pini. Kila mshonaji awe na idadi yake inayojulikana, tuseme sindano 5 na pini 20, ndani ya kikopo chenye kifuniko. Wakati wa kazi zichomekwe kwenye kijito kidogo kilichojazwa sufi, si kwenye leso aliyojifunga wala kwenye mkeka. Jioni hesabu. Ikikosekana moja, hakuna anayeondoka kabla haijapatikana. Nendeni kwa fundi redio mkamwombe sumaku ya spika iliyokufa. Ifungeni kwa kitambaa, muiburute sakafuni na juu ya mkeka. Itaokota pini ambazo jicho halizioni.

Mikasi na wembe. Pigeni msumari ukutani kwa kila mkasi, juu kuliko mkono wa mtoto aliyesimama kwenye kiti. Msumari ukiwa mtupu, mtajua mara moja kwamba mkasi uko chini.

Pasi ya makaa. Iwashwe nje na iwekwe mahali pa juu. Ikimaliza kazi isiachwe sakafuni eti imepoa, maana chuma hukaa na moto muda mrefu. Pia msiitumie katika chumba kilichofungwa madirisha. Makaa yanatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtoto mchanga aliyelala pembeni anadhurika upesi.

Cherehani. Ile ya miguu, vueni mkanda kwenye gurudumu kila mnapoinuka. Mtoto atakanyaga pedeli mpaka achoke na sindano haitashuka kwenye kidole chake. Nyuzi nazo zitasalimika, maana watoto hupenda kuzungusha gurudumu kinyume, na hapo uzi hujisokota chini na kuganda. Kama kichwa kinaingia ndani ya meza, kilazeni na mfunge kufuli. Ile ya umeme, chomoeni waya ukutani na muukunje juu.

Vifungo na mafuta. Vifungo viwe kwenye mtungi wa kuzungusha kifuniko, kwa kuwa mtoto mdogo huonja kila kitu. Mafuta ya cherehani na mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji.

Pili: Kazi isilale wazi

Mfarishi una hatua nyingi, na kila hatua huharibika kwa namna yake. Vipande vilivyokatwa huchanganyika. Vilivyopangwa kabla ya kushonwa huvurugwa na upepo au mguu mmoja tu. Uliokwisha shonwa hupata doa. Kwa hiyo:

1. Vipande vya kila mstari vitungeni kwenye uzi mmoja kwa mpangilio wake, mfunge fundo na kuweka alama ya chaki. Hata vikimwagwa, mpangilio hautapotea.

2. Mnapokwenda kula au kusali, kunjeni kazi ndani ya leso kuukuu na muiweke sandukuni. Dakika mbili za kukunja zinaokoa siku mbili za kupanga upya.

3. Oda ya mteja iliyokamilika isibaki chumbani. Ikae nyumbani kwa mweka hazina au kwenye sanduku la kufuli. Kwa kuwa hewa yetu ya bahari ina unyevu na chumvi, sanduku lifunguliwe lipate hewa siku za jua, nguo zisiote ukungu.

4. Chakula, kalamu za wino na barafu za juisi zibaki barazani. Mteja akija na mtoto ameshika mabuyu, mkaribisheni barazani, mpimeni huko huko.

Doa likitokea, msipige pasi kabla halijatoka, maana moto hulifanya lishike. Rangi ya mabuyu na damu ziloweshwe mara moja kwa maji baridi, kisha sabuni. Kwanza jaribuni kwenye kipande cha pembeni, kwani vitenge vingine huchuja rangi.

Tatu: Mtoto awe na mahali pake

Mtoto asiye na mahali pake atachukua pako. Chagueni kona moja, au baraza yenye kivuli, mbali na pasi na mlango wa barabarani. Tandikeni mkeka. Wekeni vitu vya kuchezea visivyo na ncha: vigogo vya nyuzi vilivyokwisha (viwe vikubwa, visiingie mdomoni), vikopo, mpira wa matambara, na mdoli wa mabaki ya vitambaa.

Tunashauri pia mfarishi wa kwanza wa kikundi uwe wa kona hiyo. Huko Karnataka, India, wapo Wasidi, watu ambao mababu zao wengi walitoka pwani hizi za Afrika Mashariki, wengine wakiwa watumwa. Wanawake wao mpaka leo hushona mifarishi ya nguo kuukuu inayoitwa kawandi. Huanza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, na watoto wao huilalia. Nguo kuukuu si aibu. Kwetu nayo ingetosha kumpa mtoto mahali laini pa kukaa, na fundi mpya angepata pa kujifunzia kabla ya kugusa kitambaa cha mteja.

Mtoto wa miaka 8 na zaidi hapendi kukaa na wachanga. Mpeni kazi: achambue vipande kwa rangi, akunje, avute sumaku sakafuni. Akitaka kushona mfundisheni, wavulana kwa wasichana, kwa sindano nene butu na kipande cha gunia, mtu mzima akiwa kando yake. Lakini kusaidia kusimzuie kwenda shule wala chuoni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya kazi za hatari na za kumnyonya.

Nne: Zamu ya kulea ni kazi

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Mama mmoja mwenye huruma anaachiwa watoto wote kila siku. Yeye hashoni, na siku ya kugawana anapata kidogo kwa sababu hakushona. Haitachukua muda atachoka, na watoto watarudi chini ya meza.

Wekeni zamu. Kikundi cha watu 12 kinachokutana mara 2 kwa wiki, kila mmoja atalea siku moja tu katika wiki 6. Watoto wakizidi, wawekwe wawili, na zamu itarudi baada ya wiki 3. Na siku hiyo mama wa zamu aandikwe kwenye daftari kama aliyeshona, apate mgao sawa na wenzake. Asiye na mtoto naye ashike zamu, kwa sababu oda inayolindwa ni yake pia.

Angalieni kalenda. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, watoto huongezeka. Mwisho wa mwaka ndipo na kazi hujaa, maana Krismasi iko karibu na Januari wazazi wanataka sare. Idd nayo ina msimu wake. Kwa hiyo ongezeni walezi miezi hiyo kabla mambo hayajaharibika.

Tano: Nani alipe kikiharibika?

Amueni sasa, wakati hakuna aliyekasirika. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na katiba yake, kwa hiyo hata jambo hili lina pa kuandikwa. Tunapendekeza hivi: kila mwanachama atoe shilingi 10 kila mnapokutana. Watu 12, mara 2 kwa wiki, ni shilingi 240. Kwa wiki 12 ni shilingi 2,880. Huo ni mfuko wa hasara. Kitambaa kikiharibika hulipwa humo, na kikao kiulize swali moja tu: ni mpango gani haukufuatwa? Mtoto asipigwe na mama asiaibishwe mbele za watu.

Ajali ikitokea

Sindano ikimchoma, osheni kwa maji safi na sabuni, kisha ulizeni kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda. Kipande kikivunjikia ndani, msikichokonoe, mpelekeni hospitali.

Akimeza sindano, pini, au mafuta ya taa au ya cherehani, msimtapishe. Msimpe ugali au ndizi eti isukume. Mpelekeni hospitali mara moja, na kama ni mafuta chukueni na chupa.

Akiungua, mwagieni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta wala yai.

Upande wetu huu tunayo Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Likoni. Msianze kupanga foleni ya feri wakati msaada uko karibu. Bandikeni ukutani namba ya simu ya mwenye tuktuk aliye jirani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tukikaa sakafuni tukatazama chumba chetu kwa jicho la mtoto wa miaka miwili, tunaona nini cha kushika?

2. Ni mama gani ameacha kuja mwaka huu, na je, sababu ilikuwa mtoto?

3. Anayelea watoto wakati sisi tunashona anapata mgao gani?

4. Leo tunaweza kuanza na lipi lisilohitaji pesa?

Jibuni kwa ukweli na muandike mlichoamua. Msumari wa mkasi, kikopo cha sindano na zamu ya walezi havihitaji mfadhili. Vinahitaji kikao kimoja na watu wa kusimamia walichokubaliana. Mungu azibariki kazi za mikono yenu, na awalinde watoto.