Draya ya Saluni Haiokoi Waranti

Swali ni lilelile, siku hizi linakuja na video kabisa: "Fundi, nikiipasha stika ya waranti ya laptopu kwa draya ya nywele, nikaibandua taratibu, nikaongeza RAM kisha nikairudisha, waranti si itabaki?" Anayeuliza anajua vizuri SSD ni nini. Kinachomtisha ni kikaratasi cha ukubwa wa ukucha kilichobandikwa juu ya skrubu moja.

Haya, draya. Gundi hulainika kwa joto, sikatai. Ila stika nyingi za aina hii zimetengenezwa zichanike vipande vipande au ziache maandishi kwenye plastiki zikivutwa, na ukizidisha moto unapinda kifuniko huku betri ya lithiamu iko hapo hapo chini inachemka. Tuseme umefaulu. Nani kakwambia fundi wa waranti anahangaika na stika? Anatazama vichwa vya skrubu vilivyoliwa na bisibisi isiyo saizi yake, klipu zilizovunjika pembeni, pasta ya prosesa iliyopakwa kama siagi ya chapati. Kwenye mashine kama MacBook anatafuta vibandiko vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikiguswa na maji. Baadhi ya kompyuta za ofisini zina swichi inayoiarifu BIOS kwamba kifuniko kimefunguliwa. Uipigie draya hadi kesho, haitafuta kitu. Na ubaya wenyewe uko hapa: aliyeongeza RAM waziwazi ana hoja kioo kikifa, kwa sababu RAM haiui kioo. Aliyerudisha stika kiujanja ameshajichafua kabla hajafungua mdomo.

Wala stika yenyewe si sheria. Marekani, chini ya sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, kampuni haiwezi kukunyima waranti kwa sababu tu umefungua mashine au umetumia kipuri kisicho chake. Aprili 2018 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya huko iliziandikia barua kampuni sita kuhusu masharti ya namna hiyo, na Julai 2024 ikawarudia wengine, safari hii ASRock, Gigabyte na Zotac wakionywa kwa stika hizo hizo. Ukivunja kitu ukiwa ndani, hilo ni lako, huko na hapa.

Lakini usiende Kariakoo ukapige meza kwa sheria ya Marekani. Laptopu iliyotumika, iliyokuja na kontena kutoka Dubai, waranti yake ni ya muuza duka, na stika mara nyingi ni yake pia. Masharti ni yale yaliyo kwenye risiti.

Kwa hiyo, harakaharaka: ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya Dell, HP au Lenovo uone kama waranti ya kiwandani ingali hai. Pakua mwongozo wao wa ufundi, ni bure; ukionyesha hatua za kubadilisha RAM, ujue hawakukukataza kufungua. Kama RAM imechomelewa kwenye bodi, safari imeishia hapo. Waranti ni ya duka? Waongeze wao, waandike kwenye risiti. Ukifungua mwenyewe, zima, chomoa waya wa betri, piga picha, na RAM ya zamani itunze uirudishe kabla ya kupeleka mashine kwenye waranti. Data zako nakili kwanza. Waranti hailipi picha za harusi.

Na waranti ikiwa imekwisha tangu mwaka juzi, stika unaibandulia nini kwa draya? Toboa.