Umeondolewa jeshini kwa doa? Hizi ndizo njia za kusafisha jina, na kwa nini saa inakimbia

Kijana akitoka Mbaha kwenda jeshini, kata nzima inajua. Akirudi kabla ya wakati wake, kata nzima inauliza.

Kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, jibu la swali hilo mara nyingi limo kwenye karatasi moja: barua au cheti cha kutoka jeshini. Karatasi hiyo inaeleza mtu alitumikia muda gani na aliondokaje. Alimaliza mkataba? Alistaafu? Aliugua? Au alifukuzwa?

Neno moja pale linaweza kumfuata mtu maisha yake yote. Akiomba kazi kampuni ya ulinzi, anaulizwa cheti. Akifuatilia mafao, anaulizwa cheti. Hata akigombea uongozi wa kijiji, maneno ya mtaani huanza na "huyu si yule aliyefukuzwa?"

Je, neno hilo linaweza kubadilishwa? Kwa kifupi: ndiyo, lakini njia ni nyembamba na muda wake ni mfupi.

Kwanza, elewa umeondokaje

Watu wengi husema tu "nilitolewa jeshini". Kisheria hiyo haitoshi, kwa sababu kila namna ya kuondoka ina mlango wake wa kupinga.

- Hukumu ya mahakama ya kijeshi. Kufukuzwa ni moja ya adhabu ambazo mahakama hiyo inaweza kutoa. Hapa kinachopingwa ni hukumu yenyewe, kwa rufaa.
- Uamuzi wa kiutawala. Hapa hakuna kesi. Kuna barua inayosema utumishi wako umekoma, pamoja na sababu. Kinachopingwa ni utaratibu uliotumika.
- Kosa la kumbukumbu. Tarehe, jina, namba au sababu imeandikwa vibaya. Hapa unaomba marekebisho, na hilo halihitaji vita.

Ukikosea mlango utapigwa danadana miaka na miaka, huku muda wa mlango sahihi ukiyoyoma.

Ngazi ya kwanza: ndani ya jeshi

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linaendeshwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taifa pamoja na kanuni zake. Malalamiko ya askari hupanda ngazi kwa ngazi kupitia kwa wakuu wake. Mtu akiruka ngazi hizo na kukimbilia mahakamani moja kwa moja, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama alimaliza kwanza njia za ndani.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Malalamiko wameyatoa kwa mdomo au kwa simu kwa afande fulani. Miaka mitano baadaye afande kahama, na hakuna ushahidi kwamba malalamiko hayo yaliwahi kufika popote.

Kwa hiyo andika. Barua iwe na tarehe, nakala ibaki kwako, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ngazi ya pili: Mahakama Kuu

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Askari hajatolewa kwenye neno "kila mtu".

Kwa uamuzi wa kiutawala, njia ya kawaida ni mapitio ya mahakama. Kwa mtu wa Mbaha, Mahakama Kuu iliyo karibu iko Songea. Jaji hatafuti kama ulikuwa askari mzuri au mbaya. Anaangalia mambo machache: aliyekuondoa alikuwa na mamlaka? Ulielezwa kosa? Ulipewa nafasi ya kujitetea? Utaratibu wa sheria ulifuatwa?

Jibu likiwa hapana, mahakama inaweza kuutengua uamuzi huo, au kuiamuru ofisi itimize wajibu wake.

Lakini kwanza unaomba kibali cha kufungua shauri hilo, na kwa kanuni za mwaka 2014 maombi ya kibali yanatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Miezi sita ni msimu mmoja wa kilimo. Mtu anarudi nyumbani na aibu yake, anajifungia, anasubiri hasira zipoe, anaingia ziwani kutafuta usipa wa kujikimu. Akija kuzinduka, muda umeisha.

Ukidai fidia kwa kesi ya kawaida ya madai dhidi ya Serikali, kuna sharti lingine: notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi.

Nimechelewa. Basi yameisha?

Hapana, ila mlima unakuwa mkali zaidi. Unaweza kuomba kuongezewa muda. Mahakama za Tanzania zimeshikilia msimamo mmoja kwa miaka mingi: aliyechelewa atoe maelezo ya kila siku aliyochelewa. "Nilikuwa nahangaika" haitoshi. Ulilazwa? Leta karatasi za hospitali. Ulikuwa unasubiri majibu ya barua? Leta hiyo barua.

Kuna upenyo mwingine. Kama uamuzi wenyewe ulivunja sheria, hilo linaweza kuwa sababu tosha ya kuongezewa muda. Msimamo huo umetokana na kesi ya Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa dhidi ya Devram Valambhia, iliyoripotiwa mwaka 1992. Safari hiyo wizara ndiyo iliyokuwa imechelewa na ikaomba kuongezewa muda. Leo hoja hiyohiyo inatumiwa na raia wa kawaida.

Msamaha haufanani na kusafishwa

Mfano wa karibu nyumbani ni wa mwaka 2021. Vijana zaidi ya 800 wa JKT, waliokuwa wameshiriki kazi za ujenzi wa miradi ya Serikali, walitaka kuandamana kwenda Ikulu ya Chamwino kudai ajira jeshini. Aprili mwaka huo, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba wameondolewa makambini.

Mwaka uliofuata ukaja msamaha wa Rais Samia Suluhu Hassan, na mlango wa kurejea ukafunguliwa.

Kwa familia zao ilikuwa furaha, na ni haki yao. Lakini kisheria, msamaha na marekebisho ni vitu viwili. Msamaha unasema: ulikosea, yamekwisha. Marekebisho yanasema: hukukosea, au uliondolewa isivyo halali, na kumbukumbu itasema hivyo.

Msamaha unategemea huruma ya mkubwa, na hakuna anayeweza kuudai kwa nguvu. Marekebisho unayadai kwa ushahidi. Anayeamini hakutenda kosa asiishie kusubiri msamaha huku miezi yake 6 inakatika.

Wanapoondolewa wote kwa pamoja

Mambo huwa magumu zaidi kikosi kizima kinapobeba kosa la wachache.

Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles kwenye kambi ya Colito, leo Lugalo, waliasi wakidai mishahara mizuri na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Makomando wa Uingereza wakaitwa kuuzima uasi huo. Viongozi wake walishtakiwa, lakini jeshi zima likavunjwa na askari wengi wakarudishwa makwao. Septemba 1 mwaka huo JWTZ ikazaliwa upya kwa watu wapya.

Kenya ilipita hapohapo miaka 18 baadaye. Agosti 1, 1982, askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Anga walijaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi. Kinara wao, Hezekiah Ochuka, alikimbilia Tanzania kwa ndege, akarudishwa Kenya na hatimaye kunyongwa mwaka 1987. Jeshi lote la Anga likavunjwa. Mamia walifungwa, na wengine wengi wakarudi vijijini na jina la "waasi", wakiwemo waliosema hawakushika hata bunduki siku ile.

Kamanda wao, Meja Jenerali Peter Kariuki, alihukumiwa mwaka 1983 kifungo cha miaka 4 kwa kushindwa kuzuia uasi. Hakukubali yaishie hapo. Mahakama Kuu ilikuja kukubali kwamba haki zake zilivunjwa na kumpa fidia ya shilingi milioni 7 za Kenya. Akakata rufaa, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaipandisha hadi milioni 15.

Hesabu miaka: 1982 hadi 2014 ni miaka 32. Askari wengine wa anga nao wamekwenda mahakamani, na baadhi wamepata fidia kwa kuteswa na kuwekwa kizuizini. Lakini kwenye kesi za aina hii, hoja ya Serikali ni ileile: mbona mmechelewa?

Wenzetu Marekani wana bodi maalumu

Vijana wa Afrika Mashariki wenye ukaazi wa kudumu Marekani wanaruhusiwa kujiunga na jeshi la huko, kwa hiyo jambo hili linawahusu pia.

Kule cheti cha kutoka jeshini kina madaraja matano: kutoka kwa heshima, kutoka kwa masharti ya heshima, kutoka kwa masharti yasiyo ya heshima, kutoka kwa tabia mbaya, na kufukuzwa kwa fedheha. Anayeshuka chini ya madaraja mawili ya juu anaweza kukosa huduma nyingi za wastaafu wa jeshi. Mhamiaji aliyepata uraia kupitia jeshi anaweza hata kunyang'anywa, kama alitoka vibaya kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima.

Tofauti ni kwamba kuna bodi za kudumu za kupokea maombi ya kupandishwa daraja. Muombaji ana miaka 15 tangu atoke. Miaka hiyo ikipita, ipo bodi nyingine ya kurekebisha kumbukumbu. Tangu 2014 maelekezo yanazitaka bodi ziwaangalie kwa jicho la huruma wale ambao tabia zao ziliharibiwa na majeraha ya akili ya vita.

Mfano maarufu ni wa 1906. Rais Theodore Roosevelt aliwaondoa bila heshima askari weusi 167 baada ya vurugu za mji wa Brownsville, Texas, bila kesi. Mwaka 1972 jeshi likarekebisha kumbukumbu zao wote kuwa za heshima. Dorsie Willis, aliyekuwa bado hai, alilipwa dola 25,000. Wengine wengi walikwishakufa na doa lao.

Karatasi ndiyo shahidi

Kuna kisa kinachosimuliwa cha mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee waliopigana upande wake Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mamia walijitokeza Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti. Inasemekana mlipaji aliwapa fagio mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride la silaha. Hakuna aliyekosea.

Leo hakuna atakayekupima kwa fagio. Kwa hiyo, kabla ya kupanda gari kwenda Mbinga hadi Songea, kusanya haya:

1. Barua ya kuajiriwa na namba yako ya jeshi.
2. Barua au cheti cha kuondolewa, chenye tarehe na sababu.
3. Hati ya mashtaka au mwenendo wa kesi, kama ulishtakiwa.
4. Barua zote za malalamiko na majibu yake.
5. Vyeti vya hospitali, nishani, vyeti vya kozi.
6. Majina ya wenzako walioshuhudia, walio tayari kula kiapo.

Piga picha kila karatasi na uihifadhi pia nje ya simu yako. Nyumba huungua na simu huzama ziwani.

Nisipokuwa na hela ya wakili?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na msaada huo ni wa bure kwa asiyejiweza. Anzia ofisi ya halmashauri na uulize msajili msaidizi wa huduma hizo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Mashauri siku hizi hufunguliwa kwa mtandao, na hukumu za Tanzania zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, hata kwa simu.

Ila usiruhusu mtu akuambie "tulia, tutalishughulikia" bila karatasi mkononi. Chukua barua yako ya kuondolewa, angalia tarehe iliyo juu yake, hesabu miezi sita mbele. Hiyo ndiyo siku ya kukumbuka.