Doa jeusi unyayoni si la kupuuzwa

Jirani yangu hapa Kariobangi aliota doa jeusi unyayoni. Mimi ndiye niliyemwambia ni fangasi, apake dawa. Miezi ikapita, doa likapanuka, likaanza kutoa damu. Hospitalini alikatwa kipande kidogo cha ngozi, kikapimwa maabara: melanoma, saratani ya ngozi.

Kwetu Waafrika weusi, melanoma hupenda nyayo na chini ya kucha, mahali pasipopigwa na jua. Bob Marley iligunduliwa kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, ikamuua 1981.

Ikiwahiwa, daktari hulikata doa pamoja na ngozi inayolizunguka. Ikichelewa, husambaa hadi kwenye tezi za kinena na mapafuni. Ndugu msomaji, ukioga leo, geuza mguu utazame unyayo.